Mashine pepe si lazima iwe mbali

"Niko kwenye mashine pepe," mtu ananiambia, kumbe amefungua skrini ya kompyuta ya kawaida kabisa iliyo chumba cha pili. Nimelisikia hili mara nyingi mno: watu huchanganya mashine pepe na eneokazi la mbali.

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine, na ina mfumo endeshi wake. Eneokazi la mbali ni njia ya kuona na kuendesha skrini ya kompyuta kupitia mtandao. Basi.

Nadhani kinachopotosha ni neno lenyewe, "pepe". Tunasikia ndani yake upepo na kupepea, na barua pepe imetuzoesha kudhani kwamba kila kilicho pepe husafiri. Lakini mkulima wa mpunga analo pepe lake: punje yenye ganda zima, ukiipasua hamna kitu. Hilo ndilo linalokaribia zaidi. Mashine pepe ina umbo lote la kompyuta, yaani diski, kumbukumbu, hata kadi ya mtandao, ila ukitafuta chuma chake, yaani vifaa halisi vya kushikika, hukipati, kwa sababu chuma ni cha mwenyeji, ile kompyuta iliyoibeba. Umbali haumo. IBM ilitangaza VM/370, mfumo wake wa kuendesha mashine pepe, mwaka 1972. Itifaki ya RDP, ambayo wengi huitumia kuingia Windows kwa mbali, ilikuja 1998. VM/370 ilitangulia RDP kwa miaka 26.

Mkanganyiko huu huuma siku ya kuunganisha. Mtu anawasha RDP ndani ya mashine pepe, kisha anaandika anwani ya IP ya mwenyeji, na anashangaa kukataliwa au kujikuta kwenye skrini ya mwenyeji. Mgeni, yaani hiyo mashine pepe, ana anwani yake! Katika VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe, ukiuacha mtandao kwenye NAT, yaani mgeni akitoka mtandaoni kwa kujificha nyuma ya mwenyeji, kwa kawaida anwani hiyo ni 10.0.2.15, na hata mwenyeji haifikii moja kwa moja. Itabidi uelekeze poti (mlango wa mawasiliano) mojawapo ya mwenyeji kwenye poti 3389 ya mgeni, inayotumiwa na RDP, au uchague mtandao wa daraja, unaomweka mgeni kwenye mtandao uleule wa mwenyeji. (Windows toleo la Home haipokei RDP, usijichoshe nayo.)

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukifungua skrini ya kompyuta ya chumba cha pili, sema umeingia kwa mbali. Ukifungua dirisha la VirtualBox kwenye kompyuta uliyoipakata, hapo uko kwenye mashine pepe, na hujaenda popote. Ukifanya yote mawili, yataje yote mawili: "Nimeingia kwa mbali kwenye mashine pepe."