Bangi ya tiba: maswali ya wagonjwa, na jibu ninalolirudia kila siku

Bangi ya tiba ni nini?
Ni dawa inayotokana na mmea wa bangi, au iliyotengenezwa kufanana nayo, yenye kipimo kinachojulikana na iliyoandikwa na daktari. Viambata vikuu ni THC, inayolewesha, na CBD, isiyolewesha. Msokoto wa kijiweni haumo, hata ukiuvuta ukiwa mgonjwa.

Inatibu nini?
Machache kuliko unavyosikia: aina chache za kifafa kikali cha utotoni, kichefuchefu cha dawa za saratani, kukakamaa kwa misuli kwa wenye maltipo sklerosisi (ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo), na maumivu sugu kwa baadhi ya watu. Kuponya saratani yenyewe? Haijathibitishwa.

Mtoto wangu ana kifafa na nimepata mafuta ya bangi. Nimwachishe vidonge?
Hapana. Usimwachishe.

Namwona mama anatoa mkobani kichupa cheusi kisicho na lebo, ameambiwa "matone matatu asubuhi". Matone matatu ya nini? Hajui yeye, na aliyemuuzia hajui. Vidonge vimekaa kabatini wiki mbili, na mtoto analetwa amebebwa, degedege halikatiki.

Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya CBD, mwaka 2018 kwa kifafa cha Dravet na cha Lennox-Gastaut, aina mbili za kile kikali cha utotoni. Hata kwenye majaribio yake, wagonjwa waliipata juu ya dawa zao za kawaida, si badala yake. Kukatisha dawa za kifafa ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma, nalo huua. Likizidi dakika 5, kimbia hospitali. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na matone yasubiri.

Lakini si bangi imehalalishwa na Umoja wa Mataifa?
Haikuhalalishwa. Desemba 2020 Kamisheni yake ya Dawa za Kulevya ilipiga kura, 27 kwa 25, kuiondoa kwenye Jedwali la IV la Mkataba wa 1961 wa dawa za kulevya, lile la vitu vyenye masharti makali zaidi. Imebaki Jedwali la I, yaani bado inadhibitiwa, na kila nchi inatunga sheria yake. Uingereza, tangu Novemba 2018, bangi ya tiba huandikwa na daktari bingwa. Lesotho ilianza kutoa leseni za kilimo cha bangi ya tiba mwaka 2017, lakini leseni ya mkulima si cheti cha mgonjwa. Wengi wanachanganya hapo.

Nina cheti cha daktari. Nisafiri nayo?
Cheti hakivuki mpaka peke yake. Uliza ubalozi wa nchi unayokwenda, upate jibu la maandishi, kabla ya kukata tiketi.

Nikimwambia daktari natumia, si atanishtaki?
Sisi tunatafuta ugonjwa, si kesi. Ukificha, unaumia wewe: CBD huweza kuzidisha nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ukavuja damu, na ukiichanganya na klobazamu, dawa ya kifafa, unaweza kusinzia kupita kiasi.

Nimeshaacha vidonge tangu wiki iliyopita. Je?
Njoo leo. Si Jumatatu, si mafuta yakiisha. Leo! Lete kichupa na vidonge vilivyobaki. Usijirudishie dozi nzima mwenyewe, maana dawa ya kifafa kama lamotrijini ikikatika kwa siku kadhaa huanzwa upya kwa kipimo kidogo.