Una jeraha la zamani na unataka kupungua? Maswali na majibu kuhusu mazoezi ya jimu

Wengi wanaofika chumba cha fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, wakitokea jimu hawakuumia siku hiyo. Goti liliteguka miaka iliyopita, likaachwa lijiponee. Uzito ulipoongezeka wakaanza mazoezi, goti likauma, wakameza kidonge, wakaendelea. Maswali haya ndiyo wanayouliza. Majibu ndiyo yaleyale ninayoyarudia kila wiki.

Jeraha la zamani ni lipi hasa?

Ni lile ambalo mfupa umeshaunga na uvimbe umeisha, lakini limeacha upungufu: kiungo hakikunjiki mpaka mwisho, kano imelegea, msuli umesinyaa, au maumivu yanarudi kazi ikizidi. Mengi ni ya goti, kifundo cha mguu, bega na kiuno.

Kuacha kuuma si kupona. Huwa nachukua utepe na kupima mapaja yote mawili, sentimita 15 juu ya pia ya goti. Mara nyingi paja la mguu ulioumia ni jembamba, na mwenyewe hakuwahi kuliona. Mguu huo ndio anaotaka kuurukia kamba.

Basi ni bora nipumzike tu?

Hapana. Kiungo kisichotumika hukakamaa na misuli inayokishikilia huzidi kudhoofika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Wenye maradhi ya muda mrefu hawakuachwa nje. Na kwa mwenye goti bovu kupungua ni dawa: kila kilo 1 inayotoka mwilini hulipunguzia goti mzigo wa karibu kilo 4 kwa kila hatua. Ukipungua kilo 5, hebu piga hesabu ya hatua za siku moja.

Nameza dawa ya maumivu kabla ya mazoezi ili niweze kumaliza. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa, na ningependa wasomaji waishie hapa kama hawana muda wa kusoma mengine. Usimeze dawa ili ufanye mazoezi.

Nikimwomba mtu afungue begi lake la jimu, nakuta taulo, chupa ya maji, na kwenye kimfuko cha pembeni pakiti ya daiklofenaki iliyokwisha kutobolewa nusu. Anaitaja kama sehemu ya kupasha mwili moto!

Dawa hizi, ikiwemo ibuprofeni, huzuia kemikali zinazoleta maumivu na uvimbe. Haziungi kano wala haziongezi gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo. Zinanyamazisha maumivu tu, na maumivu ndiyo yaliyokuwa yakikuambia uweke chuma chini. Ukiwa umemeza, utachuchumaa na uzito ambao goti lilikuwa limeshaukataa, na utajua kesho yake asubuhi likiwa limejaa maji. Isitoshe, kemikali hizohizo ndizo zinazolinda utando wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Ukimeza kila siku unajitafutia vidonda vya tumbo. Ukimeza kisha ukatoka jasho jingi bila kunywa maji ya kutosha, unazibana figo. Mwenye presha ya kupanda ana sababu ya ziada ya kukaa nazo mbali.

Je, nikimeza nusu kidonge?

Hapana.

Na ya kupaka?

Haiathiri sana tumbo na figo, lakini ukiipaka ili unyanyue vyuma ambavyo goti halivitaki, kosa ni lilelile.

Sindano ya gotini, ili nirudi jimu wiki hiyo hiyo?

Hapana. Sindano ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ina matumizi yake, na daktari akikuchoma atakuambia upumzishe kiungo. Anayechomwa mara kwa mara ili asikose mazoezi anadhoofisha kano na gegedu anazotaka kuziokoa.

Kocha wangu anasema mwili usipouma hujafanya kitu.

Kuna kuuma kwa namna mbili, na kocha anayezichanganya hakufai. Uchovu wa misuli huja kesho yake, unausikia katikati ya nyama ya msuli, kwa kawaida pande zote mbili, na ndani ya siku mbili tatu umeisha. Maumivu ya jeraha huchoma wakati uleule wa tendo, yako sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, na kiungo kinaweza kuvimba au kulegea ghafla.

Tumia kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni hakuna maumivu kabisa. Mpaka 3, endelea kwa uangalifu. Yakizidi hapo, punguza uzito au badili zoezi. Na ndani ya saa 24 kiungo kiwe kimerudi kilivyokuwa kabla ya mazoezi. Kama hakijarudi, ulizidisha, hata kama ulijisikia shujaa. Kipimo hiki hakifanyi kazi kwa aliyemeza dawa, maana namba anayoisoma ni ya uongo.

Nianze na mazoezi gani?

Kwa goti, anza na baiskeli ya mazoezi, kiti kikiwa juu kiasi cha goti kukaribia kunyooka kanyagio likiwa chini. Halafu kaa kwenye kiti na usimame bila kushika kitu, ukihesabu taratibu wakati wa kushuka. Wengi hudharau zoezi hili mpaka wanapojaribu kwa mguu ulioumia peke yake. Likishakuwa rahisi, chuchumaa nusu, kisha ongeza uzito. Kuruka na kukimbia kwenye mashine kutakuja baadaye sana. Kano huzoea mzigo polepole kuliko misuli, hivyo usiongeze uzito, idadi na siku kwa pamoja, ongeza kimoja.

Kifundo cha mguu kilichoteguka kimepoteza uwezo wa kujisawazisha. Simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, kila siku. Bega: vuta zaidi kuliko kusukuma, na acha kuinua vyuma nyuma ya shingo. Kiuno: jifunze kwanza kukunja nyonga mgongo ukiwa umenyooka.

Nisipokimbia nitapunguaje?

Kwa chakula. Saa nzima ya kutembea haraka huchoma takriban kalori 300, na mtu huzirudisha kwa dakika tano za vitafunwa na soda. Lenga nusu kilo hadi kilo 1 kwa wiki. Usijinyime protini, la sivyo utapungua misuli ileile tunayohangaika kuirudisha. Mikanda ya kubana tumbo na nguo za nailoni za kutoa jasho hupunguza maji tu, na maji hurudi ukinywa. Ukichanganya nguo hizo na kile kidonge, soma tena habari ya figo hapo juu.

Ni dalili zipi zinataka niende hospitali siku hiyo hiyo?

Goti kuvimba ndani ya saa chache baada ya kujisokota, au kukwama lisinyooke. Mlio wa ghafla nyuma ya kifundo kisha ukashindwa kusimama kwa vidole vya mguu. Kiungo chekundu na cha moto pamoja na homa. Shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma: hili usiende kulichua, huenda ni damu iliyoganda, na kuchua kunaweza kuisukuma mpaka kwenye mapafu.

Maumivu ya kiuno yakiandamana na ganzi sehemu za siri, miguu kukosa nguvu, au kushindwa kukojoa, usingoje asubuhi. Mishipa ya fahamu ikikaa imebanwa kwa muda mrefu, huenda mkojo na choo visidhibitike tena. Watu humeza kidonge hapa pia, wakalala. Usimeze ukalala. Nenda.

Nimeshameza kila siku kwa miezi. Nifanyeje?

Simamisha vyuma vizito, acha vidonge ulivyojinunulia, na muone daktari apime presha, damu na utendaji wa figo. Dawa uliyoandikiwa kwa ugonjwa mwingine usiiache kabla ya kuzungumza naye. Ukiona choo cheusi kama lami au ukitapika damu, hiyo ni dharura ya leo. Mpelekee daktari pakiti zote unazotumia, na usimwambie kwamba humeza mara mojamoja tu ikiwa si kweli, kwa sababu vipimo atakavyoagiza vinategemea utakachomwambia.