Pai ya maepo: ukishayamudu maji umemaliza kazi

Msimu wa kuchuma maepo huku Minnesota, Marekani, umechanganya, kuanzia Septemba mpaka Oktoba, na kila anayejua kwamba naoka ananiuliza kitu kilekile, mbona pai yangu imelowa chini? Maji hayo. Epo zaidi ya asilimia 80 ni maji, ukilipa moto lazima yatoke, sasa wewe ndo uamue yatokee wapi.

Anza na aina ya epo. Granny Smith, lile la kijani lenye uchachu, halivurugiki hata likiiva. Honeycrisp ni la hapahapa, Chuo Kikuu cha Minnesota walilitoa 1991, nalo linavumilia moto ila ni tamu kwahiyo punguza sukari. McIntosh linageuka uji, mimi nachanganya kidogo tu lizibe nafasi kati ya vipande. Red Delicious mpe mtoto aende nalo shule, kwenye pai halina kazi.

Kwa sahani ya inchi 9 menya kama kilo moja na robo, kata vipande vyembamba, tia sukari gramu 120, limao, chumvi kidogo na mdalasini kijiko cha chai, halafu yaache lisaa lizima. Utakuta juisi imejaa chini ya bakuli, usiimwage jamani! Ichuje, ichemshe na kijiko cha siagi mpaka ibaki nusu na iwe nzito, ikipoa irudishe kwenye maepo pamoja na vijiko viwili vikubwa vya konflawa. Hapo maji umeshayatoa kabla pai haijaingia kwenye oveni, na maepo yameshanywea, kwahiyo hata lile pango linalobakigi chini ya ganda la juu hulipati. Karafuu weka ncha ya kisu tu, ikizidi pai inanukia dawa ya jino. Mimi natia na hiliki, Wamarekani wakionja wanabaki kuuliza umeweka nini humu.

Ganda ni unga wa ngano gramu 300 na siagi gramu 225 iliyotoka kwenye friji sasa hivi. Sugua kwa vidole mpaka vibaki vipande kama maharage, usivimalize, maana siagi ina maji ndani yake na yakikutana na moto mkali yanakuwa mvuke unaoinua matabaka. Nyunyiza maji ya barafu mpaka unga ushikane ukiuminya, basi. Mliozoea kukanda chapati hapa mikono inawasha lakini jizuieni, ukikanda ganda linakuwa gumu na linasinyaa kwenye sahani. Gawa mara mbili, funga, friji lisaa, ndo usukume, moja ya chini na moja ya kufunika juu ya maepo, hiyo ya juu ichane matundu.

Trei ya chuma ikae kwenye oveni ipate moto kabisa, nyuzi 220 za Selsiasi, kisha weka pai juu yake rafu ya chini, ili ganda la chini lianze kuiva kabla halijanywa juisi. Dakika 20, shusha 190, endelea dakika 40 mpaka 50. Rangi ya juu isikudanganye, angalia yale matundu uliyochana, mapovu yakiwa mepesi ya haraka haraka konflawa bado, unataka yatokote polepole na mazito. Juu kukianza kuungua funika na foili.

Ikitoka usiiguse kwa masaa matatu, ukikata ya moto utakunywa supu. Jimbo la Vermont kuna sheria ya 1999 kabisa, pai ya maepo ndo pai ya jimbo na inatakiwa wajitahidi kuiandaa na maziwa baridi, aiskrimu ya vanila au kipande cha jibini la cheddar. Jibini nilikuwa nacheka mpaka nilipoonja, ule uchumvi unaendana sana.

Kama ganda limekushinda fanya crisp, yaani maepo ya kuoka yasiyo na ganda. Maepo yaleyale kwenye trei, juu nyunyiza oti, unga, sukari ya kahawia na siagi uliyoivuruga kwa vidole, nyuzi 180 dakika 45. Kesho yake pasha kwenye oveni, maikrowevu inalegeza oti zote.