"Fundi, Jaza Mpaka Liwe Jiwe"

Wiki hii nimeisikia mara mbili, mtu kaniletea baiskeli: "Fundi, jaza upepo mpaka liwe jiwe, naanza safari ndefu." Mmoja alikuwa anatoka Itigi kuelekea Rungwa, ambako mchanga na makunyanzi ya barabara ya vumbi vinamsubiri. Nimechoka kueleza, lakini haya.

Tairi gumu kama jiwe lina faida kwenye lami laini, basi. Kwenye changarawe kila kijiwe kinairusha juu baiskeli, mizigo na wewe mwenyewe, na nguvu ya kukurusha inatoka miguuni mwako. Tairi lenye upepo wa kiasi linakimeza kile kijiwe na kusonga mbele. Ubishi wako utaulipia jioni: ganzi vidoleni, skrubu za keria zimelegea, spoku ya nyuma imekatika, halafu unailaumu baiskeli.

Kwa tairi la inchi 2, mtu wa kilo 70 na mizigo ya kilo 20, mimi naanza na psi (kipimo cha presha ya upepo) 30 mbele na 38 hivi nyuma, kwa sababu nyuma ndiko uzito uliko. Mchangani napunguza, nikirudi lami naongeza. Ndiyo maana pampu haikai chini kabisa ya begi! Ukipunguza mno utajua: rimu itagonga jiwe na kuibana tyubu, itoke na matundu mawili yanayotazamana. Na ukijaza 40 alfajiri kwenye baridi, jua la saa saba linaweza kuifikisha 45 bila wewe kugusa pampu.

"Mbona wauza mkaa wanajaza mpaka tairi linalia?" Wale wanapandisha magunia juu ya tairi la inchi moja na nusu. Siku ukibeba mkaa, njoo tuongee upya.

Eti tairi gumu linazuia mwiba. Mwiba wa mgunga haujali umejaza kiasi gani. Pancha nyingi ninazoziba hata hazikupatikana barabarani: mtu kaona kivuli, kasukuma baiskeli kwenye majani hadi chini ya mgunga, kaviringisha matairi juu ya miiba na mbigiri. Ibebe begani mpaka kivulini. Ikishatoboka, kabla hujarudisha tyubu pitisha kidole taratibu ndani ya tairi, maana mwiba mara nyingi bado umo humo. Na solushen iache ikauke dakika tano ndipo uweke kiraka. Kuibandika mbichi ni kujitafutia kazi ya pili.

"Nitapiga kilomita 120 kwa siku, mjini huwa napiga." Mjini huna mizigo wala vumbi. Kwenye barabara ya vumbi, 60 au 70 ni siku nzuri. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, lala kivulini kuanzia saa sita hadi saa tisa, na saa kumi na moja uwe umefika kijijini umwone mtendaji au mwenyekiti akuonyeshe pa kulala. Huku kwetu jua likizama, giza halichelewi, na mgeni anayebisha hodi usiku huanza kwa maswali mengi.

"Kunywa maji mengi uwezavyo." Kunywa kwa kiu. Ukishindilia lita kwa lita za maji matupu huku chumvi inatoka na jasho, chumvi ya kwenye damu inapungua; kichwa kinauma, kichefuchefu kinaanza, wenzako wanakuongezea maji. Mchana kula ugali na maharage ya mama ntilie, yenye chumvi ya kutosha. Biskuti pekee hazikufikishi.

Simba? Mimi naogopa mabasi. Ukisikia honi nyuma yako, toka kwenye lami, haki yako utaidai ukiwa hai. Panapokatiza hifadhini, kama Mikumi kwenye barabara ya Morogoro kwenda Iringa, pakia baiskeli kwenye gari. Tembo na nyati hawana habari na ratiba yako.

Yule wa Rungwa nilimpunguzia upepo mbele ya macho yake. Alinuna. Kufika mlangoni akageuka: "Fundi, hiyo pampu unauza?"