Mwarobaini: kuna nini ndani ya jani, mbegu na mafuta yake?

Hapa dirishani kwenye duka la dawa, hakuna mti ninaoulizwa zaidi ya mwarobaini. Wengi wetu tumekua tukiunywa. Mimi bibi alinibana pua ndipo nikameza. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila wiki.

Ule uchungu unatoka wapi?

Unatokana na kundi la kemikali ziitwazo limonoidi, ambazo mti huzitengeneza ili kujikinga na wadudu. Miti mingine ya ukoo wake, mkangazi ukiwemo, nayo inazo. Mwaka 1942 mwanakemia Salimuzzaman Siddiqui, akiwa India, alitoa kwenye mafuta ya mwarobaini kemikali chungu aliyoiita nimbini. Baadaye zikapatikana nyingine nyingi: gedunini, salanini, nimbolidi ya kwenye majani, na iliyo maarufu kuliko zote, azadiraktini, ambayo imejaa zaidi kwenye mbegu.

Nguvu ya mti huu ilionekana wazi Sudan mwaka 1959. Nzige walishuka wakafyeka kila jani la kijani, lakini mtaalamu wa wadudu Heinrich Schmutterer akaona miarobaini imebaki imesimama na majani yake. Azadiraktini humkatisha mdudu hamu ya kula, na akila huvuruga homoni zake, kwa hiyo mtoto wa nzige hushindwa kujivua gamba akafa. Chembe yake moja ina kaboni 35, hidrojeni 44 na oksijeni 16, zimefungamana kwa namna ngumu mno: mwanakemia Steven Ley na wenzake pale Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walihangaika miaka 22 kabla ya kufanikiwa kuiunda maabara mwaka 2007. Mwarobaini wa uani kwako unaiunda kila msimu wa matunda.

Kwa hiyo jani, gome, mbegu na mafuta si dawa moja. Jani lina pia flavonoidi, kundi jingine la kemikali za mimea, kama kwasetini; gome lina tanini nyingi, zile kemikali zinazokausha mdomo kama chai kali, na mbegu ndiyo ghala la mafuta. Mtu akikuambia mwarobaini hauna madhara, muulize kwanza ni sehemu gani ya mti anayoizungumzia.

Nilichemsha majani, nikanywa siku tatu, homa ikaisha. Si malaria imepona?

Huenda haikuwa malaria. Homa nyingi huletwa na virusi, na hizo huisha zenyewe ndani ya siku chache, uwe umekunywa mwarobaini au maji ya moto. Na kama ilikuwa malaria, homa yake hupanda na kushuka. Mtu akitokwa jasho akapata nafuu hudhani ameshinda, kumbe vimelea bado vimo kwenye damu.

Sisemi kwamba wazee walikosea kuuamini mti huu. Gedunini na nimbolidi zikiwekwa maabara pamoja na vimelea vya malaria huvidhoofisha kweli. Ila chupa ya maabara haina tumbo wala ini. Gedunini ilipojaribiwa kwa panya ikiwa peke yake, haikutosha kuwaponya. Tena sufuria haina kipimo: majani ya mti wako na ya jirani hayana kiasi kilekile cha kemikali, na uchungu wa kikombe haukuambii kimebeba dozi gani.

Dawa mseto, ile ya malaria inayotolewa hospitali, nayo asili yake ni mmea, pakanga ya Kichina. Tofauti ni kwamba kemikali yake ilitolewa, ikapimwa, ikajaribiwa kwa wagonjwa, ikajulikana mtu wa kilo 15 apewe ngapi. Kwa hiyo ukipata homa, nenda ukatobolewe kidole upimwe. Majibu yakionyesha malaria, kunywa dozi yote.

Je, mtoto mchanga anaweza kupewa mafuta ya mwarobaini kwa mafua au tumbo?

Hapana. Nakuomba usimpe hata kijiko kimoja. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika kuhusu watoto wachanga walionyweshwa mafuta haya kama dawa ya nyumbani: walitapika, wakalegea kwa usingizi, wakahema haraka, kisha wakapata degedege. Ini na ubongo viliathirika. Wazazi wao waliwapa kwa mapenzi tu, kama wewe unavyotaka kufanya.

Mafuta hayo ni ya kahawia, mazito, yananuka kama vitunguu saumu kwa sababu ya salfa iliyomo. Ukiwa nayo kwa ajili ya ngozi au mimea, yaweke juu asikofika mtoto. Akiwa ameshayanywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali na chupa mkononi.

Mjamzito je?

Asinywe, wala majani wala mafuta. Kwa wanyama wa maabara mti huu umeharibu mimba na kupunguza uwezo wa mbegu za kiume. Wanaotafuta mtoto, mke na mume, nao wauache.

Nina kisukari, nimeambiwa unashusha sukari.

Unaweza kuishusha kweli, na hapo ndipo penye hatari. Ukinywa juu ya vidonge au sindano ya insulini, sukari inaweza kushuka mno ukaanza kutetemeka, kutoka jasho na hata kuzimia. Mwambie daktari wako unachokunywa. Usimfiche kwa kuogopa kugombezwa.

Kwenye ngozi na meno unafaa?

Hapa ndipo ninapouamini zaidi. Kijiti kibichi kilichotafunwa ncha kikawa brashi husafisha utando wa meno vizuri. Kwa ngozi inayowasha, jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono, usubiri siku moja.

Nitajuaje kuwa mti wangu ndio wenyewe?

Swali hili huulizwa mara chache kuliko inavyostahili, maana mmelia hufanana nao na matunda yake yana sumu. Chuma jani zima, na kikonyo chake. La mwarobaini lina kikonyo kimoja, na vijani vyenye kingo kama msumeno vimejipanga kushoto na kulia, basi. La mmelia hutoa matawi madogo kwanza, ndipo vijani. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya mmelia yana rangi ya zambarau.