Diteling ya gari la spoti: kazi inayoanza kabla gari halijapakiwa melini

Diteling ni kusafisha gari sehemu kwa sehemu, kuondoa uchafu uliong'ang'ania kwenye rangi, kupunguza mikwaruzo ya juu juu kwa mashine, kisha kuipa rangi kinga. Humo humo huingia vioo, rimu, mipira ya milango, viti na chumba cha injini, kila kimoja kwa dawa yake. Kuosha ni hatua moja tu kati ya hizo, na ikikosewa ndiyo inayozalisha kazi ya hatua nyingine zote.

Siku hizi bango la diteling limepachikwa hata kwenye banda la kuoshea bodaboda, kwa hiyo si ajabu mtu akidhani ni jina la bei ghali la kung'arisha. Sivyo. Gari linaweza kung'aa huku rangi yake imechakaa, maana mafuta na nta hujaza mikwaruzo na kuificha kwa muda. Mvua ikinyesha mara kadhaa, yote yanarudi. Diteling yenyewe ni kutoa kilichokuja na safari bila kutoa rangi ya gari. Ndiyo maana kwa aliyenunua gari la spoti ng'ambo, namna lilivyosafirishwa ndiyo itakayoamua fundi afanye nini na rangi kiasi gani ibaki.

Unene unaozungumzwa

Rangi ya kiwandani ina tabaka kadhaa: ya kuzuia kutu iliyoshikana na bati, praima, rangi yenyewe, na juu kabisa koti lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Zote kwa pamoja huwa kati ya mikroni 100 na 150, na klia peke yake ni kama 40 hadi 50. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina unene wa mikroni 100 hivi. Klia, basi, ni nusu ya karatasi.

Nusu hiyo ya karatasi ndiyo inayokinga rangi dhidi ya jua. Kila mara fundi anapopitisha mashine na dawa ya kukata, yaani inayosaga uso wa rangi, mikroni kadhaa huondoka na hazirudi. Zikiisha, boneti na paa huanza kupauka kisha kumenyeka, na hapo polishi haina msaada tena. Ni kupuliza upya. Kwa hiyo fundi makini hashiki mashine kabla hajapima kwa kifaa cha kusoma unene wa rangi. Kipimo kikisoma 110 kwenye mlango mmoja na 300 kwenye mwingine, huo wa pili umewahi kupulizwa. Kikivuka 1,000, kuna puti chini yake, ule udongo wa kuzibia bati lililobonyea.

Kutoka mnadani hadi melini

Tuchukue gari ambalo vijana wengi Afrika Mashariki wanaliota: Toyota 86, pacha wa Subaru BRZ. Lilitoka mwaka 2012, lina injini ya boksa (pistoni zake hulala ubavu, zikitazamana pande mbili) ya lita 2, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Urefu wake ni mita 4.24, upana mita 1.775, na tumbo lake liko milimita 130 tu kutoka ardhini. Boneti ni ya alumini na bampa ni plastiki, kwa hiyo kipimo cha bei rahisi kinachotegemea sumaku hakitakuambia kitu hapo, na mbele ndiko kokoto hupiga zaidi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo 86 za mwanzo zimeshafungiwa mlango huko. Tanzania zinaingia, ila ushuru hupanda kwa sababu ya umri.

Magari mengi ya namna hii hununuliwa kwenye minada ya Japani, na kila gari huja na karatasi ya ukaguzi yenye mchoro. Wanunuzi wengi huangalia alama ya jumla, 4 au 4.5, wakaishia hapo. Mchoro ndio wenye habari. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi upya, S ni kutu, na tarakimu inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa tatizo. A1 mlangoni huenda ikaondoka kwa polishi. W2 kwenye kona ya nyuma ni onyo kwamba hapo rangi si ya kiwandani na haitaitikia mashine kama jirani zake. Gari la kutoka Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, nalo litazamwe chini kwanza, kwa kuwa barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Hifadhi karatasi hiyo. Ndiyo itakayomaliza ubishi siku utakapokuta mkwaruzo Dar es Salaam na kila mtu akasema ulikuwepo tangu mwanzo.

Baada ya hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni meli za roro, ambazo gari huendeshwa hadi ndani na kuendeshwa tena kutoka. Ni rahisi na ndiyo inayotumiwa na wengi. Magari hupangwa yakiachana sentimita chache, kisha kila moja hufungwa kwa mikanda kwenye sakafu ya meli. Gari la chini lina shida yake: mkanda ukishikizwa mahali pasipofaa, bampa au mkono wa saspensheni ndio unaolipa. Gari kama 86 lina ndoana ya kuvutia inayofungwa kwa hesi nyuma ya kifuniko kidogo kwenye bampa. Hakikisha ipo kabla gari halijaondoka mnadani, la sivyo mpakiaji atatafuta pa kushika.

Ya pili ni kontena. Watu huamini kontena ni salama moja kwa moja kwa kuwa limefungwa. Linalinda dhidi ya mvuke wa chumvi, masizi na mikono ya watu, hilo ni kweli. Lakini hebu piga hesabu: ndani, kontena lina upana wa mita 2.35 hivi. Toa mita 1.775 za gari, gawa kwa mbili, zinabaki sentimita 29 kila upande, na milango ya gari la milango miwili ni mirefu. Dereva atatokea dirishani, au gari lisogezwe ukutani ili upande mmoja upate nafasi. Mlango mmoja ukisukumwa kwa haraka, pembe yake inakutana na chuma. Kisha kuna unyevu. Meli ikitoka kwenye baridi kuingia kwenye joto, dari la kontena hutoa matone, na gari lililofungwa likiwa na mazulia mabichi linaweza kufika na ukungu kwenye viti. Vifuko vya kunyonya unyevu ni bei ndogo kuliko kuondoa harufu hiyo.

Bima ya baharini isikatwe kwa shingo upande. Tarehe 16 Februari 2022 meli ya Felicity Ace, iliyokuwa ikitoka Ujerumani kwenda Marekani, ilishika moto Atlantiki ikiwa na magari takriban 4,000, yakiwemo ya Porsche, Bentley na Lamborghini. Mabaharia wote 22 waliokolewa. Meli ilizama tarehe 1 Machi, na Lamborghini ikalazimika kutengeneza upya baadhi ya Aventador zilizokuwa za mwisho katika toleo hilo.

Siku ya kwanza bandarini

Gari linaloshuka kwenye roro huwa na vumbi, chumvi kavu, masizi, na chembe za chuma ambazo hazionekani. Diski za breki zitakuwa na kutu ya rangi ya chungwa. Hiyo isikutishe, ukifunga breki mara chache, inafutika yenyewe. Betri huenda imelala.

Kosa kubwa kuliko yote hufanywa hapo hapo, tena kwa furaha. Mwenye gari amefika, anataka picha, mtu anachomoa kitambaa kikavu na kufuta boneti. Lile vumbi na ile chumvi ni msasa. Duara laini zinazoonekana kwenye rangi nyeusi ukimulika tochi usiku, nyingi hazikutoka baharini. Zilitoka kwenye kitambaa hicho, na kwenye brashi ya muosha magari aliyefuata. Mwambie wakala wako wa forodha kwa maandishi kwamba gari lisifutwe wala lisioshwe. Picha ipigwe likiwa chafu, pande zote, tena kwa faida yako: hiyo ndiyo kumbukumbu ya hali lililofika nayo.

Kutoka bandarini, gari la spoti lipande lori la kubebea magari kama safari ni ndefu. Kwa anayepeleka Bujumbura, desturi ni gari kuendeshwa na madereva wa IT, yaani wa magari yanayopita tu nchini kwenda nchi jirani, kwa zaidi ya kilomita elfu moja, katikati ya malori, na sifa za madereva hao barabarani zinajulikana. Corolla itavumilia. Gari lenye milimita 130 chini yake litakutana na kila tuta la kijiji. Kwenye lori, mbao za kurefusha njia ya kupandia ziwepo, na mikanda ipite juu ya matairi. Minyororo iliyonaswa kwenye saspensheni ikatae hata kama mwenye lori atanuna.

Kazi yenyewe

Kivulini, bodi ikiwa imepoa. Maji kwanza, mengi, kabla ya kitu chochote kugusa rangi. Kisha povu la shampuu ya gari, liachwe lilainishe uchafu. Sabuni ya unga ya nguo haifai: ni kali, inaondoa nta yote na kukausha mipira. Ndoo ziwe mbili, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia glavu, ili mchanga uliotoka mlangoni usirudishwe kwenye boneti. Rimu zina ndoo yake. Osha ukitoka juu kwenda chini.

Gari sasa linaonekana safi, na wengi huishia hapo. Vaa mfuko wa plastiki mkononi upitishe vidole juu ya boneti. Ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga, kuna vitu vimejichimbia kwenye klia. Chembe za chuma huyeyushwa kwa dawa maalumu ambayo hugeuka zambarau inapokutana nazo, na harufu yake ni mbaya kweli. Kinachobaki huondolewa kwa udongo laini wa kusafishia rangi, ukiteleza juu ya maji ya shampuu; udongo ukianguka chini, tupa.

Ndipo lije swali la mashine. Fundi anayejua hujaribu kwanza sehemu ndogo kwa dawa laini na pedi laini, na huongeza ukali pale tu laini iliposhindwa. Mashine inayozunguka upande mmoja, ile ndugu ya grainda, inakata haraka na inaweza kuunguza klia kwenye kingo za milango ndani ya sekunde chache. Ile inayozunguka na kutikisika kwa pamoja ni ya polepole na husamehe. Kwenye gari lililotembea kidogo, mimi ningeacha mikwaruzo michache yenye kina ibaki kuliko kuifukuza hadi mwisho. Mkwaruzo unaonasa ukucha umeshapita mbali, na kuufuta ni kula klia yote iliyouzunguka.

Kinga huja mwisho. Nta ya carnauba, itokanayo na majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota Brazili, inapendeza na hukaa wiki kadhaa. Koti la seramiki hukaa kwa muda mrefu zaidi, hufanya maji yateleze na uoshaji kuwa mwepesi. Linauzwa kwa sifa ya ugumu wa 9H, na hapo wateja hudanganyika. Namba hiyo hutokana na kipimo cha penseli za kuchorea, si cha mawe ya vito. Kokoto ya lori la mbele yako haiogopi seramiki. Kinachozuia kokoto ni filamu nene ya plastiki inayonyumbuka, inayobandikwa kwenye bampa, boneti na vioo vya pembeni.

Ndani kazi ni ndogo: vumbi linyonywe, viti visafishwe kwa dawa ya kitambaa au ya ngozi, dashibodi iachwe bila mafuta yanayong'aa, kwa sababu hurudisha mwanga kwenye kioo cha mbele mchana kutwa. Harufu ya sigara, ambayo baadhi ya magari ya Japani huja nayo, iko kwenye kitambaa cha dari na kwenye chujio la eyakondishena. Marashi hayataifikia.

Kwa wa Dar es Salaam kuna jambo moja zaidi, maji. Visima vingi vya mjini vina chumvi, na tone likikauka juani huacha alama nyeupe inayouma klia. Kama hakuna njia ila kisima, maliza kwa kusuuza na maji ya mvua uliyoyakinga, kisha kausha mara moja kwa taulo la maikrofaiba.

Unapompelekea fundi gari, muulize atatumia mashine gani, ataanza na dawa ipi, na umwombe aandike vipimo vya kila sehemu kabla na baada. Mwonyeshe W zilizo kwenye karatasi ya mnada. Na kama bampa liliparuzwa safarini likapulizwa upya, seramiki na filamu zisubiri mwezi mmoja au zaidi hadi rangi imalize kukauka ndani. Filamu ikibandikwa mapema, siku ya kuibandua itaondoka na rangi.