Je, wajua kwa nini wakimbiaji wa mbio fupi huchanika nyuma ya paja?

Agosti 2017, London: fainali ya kupokezana vijiti, mbio ya mwisho ya Usain Bolt. Kapokea kijiti, kachanganya miguu, mara anachechemea na kuanguka njiani. Nyuma ya paja pamemkatalia.

Wengi hudhani msuli huo huchanika wakati wa kusukuma ardhi. Mara nyingi hatari iko hewani. Mguu ukirushwa mbele, goti linanyooka kwa kasi, na msuli wa nyuma ya paja ndio breki yake: unavutwa urefuke na papo hapo unakaza ili kuuzuia mguu. Sasa mtazame kijana anayejaza mapaja ya mbele kwa skwoti mwaka mzima, asiwe na zoezi hata moja la nyuma. Ameongeza injini, breki ameziacha zilezile.

Mkao nao una lake. Msuli huo umejishikiza kwenye mfupa wa kukalia. Ukikimbia tumbo mbele, makalio yamebinuka, mfupa huo unapanda, na kila hatua unaianza msuli ukiwa umeshavutika. Mwombe mwenzako akurekodi kwa simu kutoka ubavuni, kisha simamisha picha pale unyayo unapogusa chini. Ukiwa umetua mbali mbele ya nyonga, hapo ndipo pa kurekebisha. Makocha wengi husema “fupisha hatua”, na mkimbiaji anaishia kudunda tu. Afadhali aambiwe apandishe goti, kisha akanyage chini ya mwili wake.

Zoezi la kujenga breki halihitaji gym. Piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, nyoosha mwili kuanzia goti hadi bega, ujiachie mbele polepole huku ukijizuia. Anza na mara tano tu. Kesho yake misuli itauma.

Lakini usihangaike kuifanya miguu ifanane kabisa. Bolt ana mgongo uliopinda, na watafiti wa Texas walipompima kwa video waliona mguu wake wa kulia ukipiga chini kwa nguvu zaidi kwa takriban asilimia 13. Kwa mwili huohuo alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 Berlin mwaka 2009, baada ya kuimarisha mgongo na kiuno kwa miaka.

Tofauti ya kuogopa ni ya mguu uliowahi kuchanika. Ukishapona, lala chali, weka kisigino kimoja juu ya benchi, inua makalio na kuyashusha, hesabu ni mara ngapi hadi ushindwe. Badilisha mguu. Mmoja ukifika 25 na mwingine ukakwama 15, mazoezi ya wiki hii yaanze na huo wa 15.